Kisiki Pekee cha Mushitu

Mwanangu Julienne,

Sikuulizi hali. Asubuhi ya leo nimekuona ukila bukari iliyolala, ugali wa jana, ukimcheka mama yako kwa jinsi alivyokufungia samaki kana kwamba Lusaka ni jangwa lisilo na chakula. U mzima. Mimi pia ni mzima, isipokuwa nina hasira. Sasa nyinyi wawili mmekwenda Kashikishi kutafuta begi lenye zipu isiyokwama, nyumba imetulia, nami nimekaa mezani kukuandikia yale ambayo tukiyazungumza ana kwa ana yanageuka kelele.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Mama yako atakuambia pesa uzifiche wapi ndani ya basi, usinunue mayai ya kuchemsha pale stesheni ya Mansa, na ukifika utafute kanisa kabla hujatafuta marafiki. Hayo ni yake, na anayajua kuliko mimi. Langu ni moja, nalo ni refu.

Unadhani nimekasirika kwa kuwa unaondoka. Nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Papa anaogopa kubakia na vitabu yake peke." Hapana. Nimetumia ujana wangu wote kuwafundisha watoto wa watu ili waweze kuondoka. Ingekuwa ajabu nimzuie wangu. Kinachonikasirisha ni kazi unayoiendea, ya ukalimani katika ofisi ya ule mradi wa msitu. Nilipokuuliza juu yake, ulinishika bega kama mtu anayemtuliza mgonjwa, ukasema, "Papa, ni kazi tu." Neno hilo "tu" ndilo linalonifanya niandike.

Nianze na mushitu, kwa maana kila kitu kimetoka huko.

Tulipovuka ziwa kutoka Katanga tukikimbia bunduki, mama yako alikuwa na wewe tumboni. Hapa Kabuta hatukuwa na ndugu. Aliyetupa mahali pa kujenga ni Bashikulu Kapesa, yaani Babu Kapesa, mkubwa wa kijiji, ambaye wakati ule alikuwa bado ana nywele nyeusi na sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Alituonyesha mpaka wa shamba, akatuonyesha njia ya maji, kisha akaelekeza mkono kwenye ule msitu mzito wenye majimaji chini, ambao wenyeji huuita mushitu. Akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mule, shoka haiingie." Sikuuliza kwa nini, naye hakusema. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Wewe unaijua hadithi ya mti wa paa, kwa sababu mama yako huisimulia kila tunapopata wageni, nao hucheka. Lakini mama yako huikatiza pale panapochekesha. Mimi nitaimaliza.

Nyumba ilihitaji mti mmoja mrefu ulionyooka wa kushika paa. Huku nje miti ilikuwa imepinda. Mvua zilikuwa karibu, mama yako alikuwa mzito, nami nilikuwa mwalimu mwenye cheti, niliyezoea kuamini kwamba jambo lisiloelezwa sababu halina sababu. Nikaingia mushitu na shoka. Nikakata mti mmoja, nikaukokota hadi uwanjani. Kabla sijautoa maganda, Bashikulu Kapesa alikuwa amesimama mbele yangu.

"Mwalimu. Huu muti ulikata wapi?"

"Mule, bashikulu."

"Rudisha."

"Nirudishe namna gani? Umekwisha kukatwa."

"Rudisha pahali ulianguka. Ulale pale."

Niliurudisha, Julienne. Niliubeba begani kupitia katikati ya kijiji, watoto wakinifuata na kuimba, nikaulaza kando ya kisiki chake. Kisha nilitakiwa kuleta kuku mweupe na unga, nami sikuwa na kuku wa rangi yoyote. Mama yako alikwenda kumwomba jirani kwa aibu iliyomfanya asizungumze nami mpaka ulipozaliwa. Hapo ndipo wageni hucheka. Lakini kuna sehemu ambayo mama yako haisimulii. Baada ya kuku kuchinjwa, Bashikulu alinipeleka ndani ya mushitu, akanionyesha vilima vidogo vya udongo vilivyopangwa safu chini ya miti, vimefunikwa na majani. Nami nilielewa ni nani wanaolala pale, na kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Hapa wafu waliozikwa mle hawatajwi mbele ya mgeni. Mtu huheshimu mahali pao kwa kutoingia na shoka, na kwa kufunga mdomo.

Yule mti umeoza zamani. Kisiki chake kipo.

Wanawake waliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka zenyewe pembezoni, na kwa kuni hizo mama yako amekausha samaki tangu ulipokuwa mgongoni mwake. Umekua ukiuona ule uchanja wake nyuma ya nyumba, samaki wetu wa ziwani, pale na makobo, wamepangwa juu, moto mdogo chini, moshi ukipita polepole mchana kutwa. Unajua samaki wake hawakuvunda njiani hata mara moja kabla ya kufika Mansa, na wachuuzi wa Copperbelt walikuwa wakiuliza, "Ya mama Julienne iko?" Sare zako za shule zilinuka moshi huo. Ulikuwa ukilalamika. Nilikuwa nikikuambia uzianike upande wa upepo.

Kisha mradi ukaja.

Mkutano ule wa kwanza hukuwapo, ulikuwa chuoni. Kwa hiyo nisikilize mimi niliyekuwapo, wala si picha walizokuonyesha ofisini. Tulikutana kanisani. Msimamizi alikuwa kijana nadhifu kutoka Lusaka, mwenye adabu, na mchungaji alimfasiria kwa Kibemba. Akaeleza kwamba miti inashika hewa ukaa, kwamba duniani wako wenye viwanda wanaotoa hewa hiyo nyingi kupita kiasi, na kwamba watu hao wako tayari kulipia msitu ili usikatwe. Malipo hayo yanaitwa kredi za kaboni. Sikuona ubaya. Nilifikiri hata moyoni kwamba dunia imeanza kupata akili.

Halafu akauliza swali lake: "Kama mradi huu usingekuja, mushitu wenu ungekuwaje?"

Kanisa zima likanyamaza.

Ungekuwapo, ungejua ule ukimya ni wa namna gani. Kila mwenyeji alikuwa anajua jibu. Mushitu ungekuwa kama ulivyo, kama ulivyokuwa kabla ya babu zao, kwa sababu ya wale wanaolala ndani yake. Lakini kulisema jibu hilo ni kuwataja, na kuwataja mbele ya mgeni hakufanywi. Bashikulu Kapesa aliinama akatazama mikono yake. Wanawake wakashughulika na watoto. Mchungaji akakohoa. Msimamizi akasubiri kwa adabu, kisha akajisaidia mwenyewe: "Basi tuseme ungekatwa." Akaandika.

Na mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu, nikijua. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha na Kibemba cha kutosha. Nikajiambia: msitu si wangu, wafu si wangu, mimi ni mkimbizi niliyepewa mahali pa kukaa, mwenye nyumba akinyamaza, mgeni hatamsemea. Nilidhani hiyo ni heshima. Hata leo sijui kama nilikosea kumheshimu mwenyeji. Ninachojua ni kwamba yule kijana aliondoka na ukimya wetu ndani ya mkoba wake, na mahali fulani umeuzwa.

Fikiri, mwanangu, ni nini hasa kilichouzwa. Kredi ya kaboni ni ahadi. Inasema: huku palikuwa na miti iliyokuwa inakwenda kukatwa, nasi tumeizuia isikatwe, kwa hiyo wewe kule unaweza kuendelea kutoa moshi wako, na hesabu ya dunia itakuwa sawa. Kama miti ilikuwa hatarini kweli, na kama imeokolewa kweli, sina neno. Ziko sehemu, unazijua, kuelekea Chienge, ambako miti imegeuzwa mkaa mpaka ardhi imebaki uchi. Wangekwenda huko wakawasaidia watu wapate njia nyingine ya kula, ningewapigia makofi. Lakini huko kuna kazi ngumu. Hapa walikuta msitu uliolindwa tayari, na walinzi wasiodai mshahara, nao ni wafu. Wakapiga picha, wakauza ukataji ambao haukuwapo. Moshi wa mnunuzi, huo upo.

Na ili ionekane wamefanya kazi, walimkataza mama yako kuokota kuni.

Walipaka rangi kwenye miti ya pembeni, wakamweka Chileshe, yule kijana mrefu wa Mansa, alinde. Siku ya kwanza mama yako alikwenda na kamba yake kama kawaida. Mimi nilikuwa nyuma yake na baiskeli.

"Mama, hapana," akasema Chileshe. "Imekatazwa."

"Hii imeanguka yenyewe. Hauoni?"

"Naona, mama. Lakini banasema hata kuni ya kufa iko na kaboni."

"Weye samaki unakulaka?"

"Ndiyo, mama."

"Inakaushwa na nini? Na maombi?"

Chileshe akacheka, maskini, kisha akatazama nyuma kuona kama kuna anayemwona akicheka. "Miye nalindaka tu, mama."

"Basi uambie ile kaboni ikuje kwangu inikaushie samaki ya pale."

Walimpa jiko la udongo badala ya kuni. Jiko zuri kwa kuchemsha chai. Mdomo wake ni mdogo, halipokei samaki hata mmoja aliyelala vizuri, sembuse uchanja mzima. Mama yako alilijaribu kwa moyo mweupe, siku baada ya siku, kwa sababu si mtu wa kudharau zawadi. Sasa linatagiwa na yule kuku wetu wa madoadoa, na nadhani ndiye peke yake hapa Kabuta anayeushukuru mradi. Mama yako hununua kuni za mbali, mbichi, zinazotoa machozi, na mwezi uliopita samaki wake walirudishwa kutoka Mansa wakiwa na funza. Aliwapokea. Aliwafukia nyuma ya choo, akaosha beseni, akakuita mle chakula. Wewe ulikuwa na barua yako ya kuajiriwa mkononi. Hakutaka kukuharibia siku.

Nimefika mahali panaponiuma zaidi.

Jioni ile ya barua ulinionyesha picha kwenye simu yako. Ulikuwa na furaha. "Papa, tazama, mununuzi mukubwa wa mradi ni wa kwetu, ni wa Katanga." Ukataja mji. Nikaona bomba la kiwanda cha kuyeyusha shaba, na mbele yake wamechora jani la kijani. Nikakurudishia simu, nikatoka nje. Ulifikiri macho yangu hayaoni vizuri.

Nilizaliwa chini ya bomba hilo, Julienne. Upepo ulipogeuka, mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona, alikuwa akitoka mbio kuanua nguo, kwa maana moshi ulizitoboa. Maharagwe yake yalikuwa yakikauka kuanzia ncha za majani, kama yaliyopitishwa motoni. Sisi watoto tulikohoa, tukaambiwa ni vumbi. Baba yangu alikwenda kulalamika kwenye ofisi ya kiwanda akiwa amevaa koti, akarudi na koti lake mkononi, akasema wamemwambia maharagwe yake yana ugonjwa. Alikubali. Alikuwa mtu wa kukubali wenye ofisi. Mimi nilimrithi tabia hiyo, nikaibeba hadi benchi lile la kanisani.

Sasa bomba lile lile limekuwa safi. Halijabadilika, linatoa moshi kama zamani, binamu zangu wanaoishi huko wananiambia. Limekuwa safi kwa sababu mama yako ameacha kuokota matawi makavu Kabuta. Waliharibu maharagwe ya mama yangu bila kumwomba radhi, nasi tukakimbia nchi ile kwa mambo mengine, tukavuka ziwa, tukapata mahali, tukawasha moto mdogo wa kukausha samaki, na hata huku wametufuata kuuzima ili waendelee kuwasha wa kwao. Nikilifikiria jambo hili kalamu inatoboa karatasi. Utaona mahali ilipotoboa.

Najua utakavyonijibu, kwa sababu ulishanijibu mezani. "Papa, nisipofanya miye, mwingine atafanya." Ni kweli. "Papa, unataka nikatae mushahara, mama aendelee kulia na kuni mubichi?" Hapana, sitaki. Kazi hiyo umeipata kwa haki. Wamekuchagua kwa kuwa unasema Kibemba kama waliozaliwa nacho, na Kiingereza, na Kifaransa, na kile Kiswahili chako kinachonisumbua masikio. Sikuambii uikatae. Ningekuambia ukatae, ningekuwa nakufundisha ukimya wa namna nyingine.

Lakini umesema mwenyewe kwamba mkaguzi atakuja wakati wa kiangazi, yule anayetazama kama kredi zilizouzwa ni za kweli, na kwamba wewe ndiwe utakayemfasiria kijijini. Mkaguzi atauliza lile swali. Ndilo swali lao la kwanza na la mwisho. Bila jibu lake hawana kitu cha kuuza. Kama mradi usingekuja, mushitu ungekuwaje? Kanisa litanyamaza tena. Bashikulu atatazama mikono yake tena. Na katikati ya ukimya huo utasimama wewe, unalipwa na wale waliouandika vibaya mara ya kwanza.

Ndiyo sababu Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda kwa Bashikulu Kapesa. Hulijui hili. Nilimkuta anashona wavu kwa vidole visivyonyooka tena. Nikamwambia wazi kwamba ukimya wake umegeuzwa biashara. Hakukasirika.

"Mwalimu, bale banalala mule hatubatajake mbele ya bageni."

"Najua, bashikulu. Hata mimi sikusema kwa sababu ni mgeni."

"Weye ni mugeni, ndiyo." Akacheka kidogo. "Mugeni wa kukata muti."

"Na Julienne?"

Aliuweka wavu chini. "Julienne ni mutoto wa hapa. Kitovu yake iko mu udongo ya hapa, muke wangu ndiye aliizika. Ule anaweza kusema."

"Aseme nini, kama hawatajwi?"

Aliuokota tena wavu, akafunga fundo moja. Kisha akasema: "Asitaje batu. Ataje muti yako."

Nilirudi nyumbani polepole. Mwanangu, kwa miaka yote hii nimeona haya kwa ajili ya mti ule, na wageni wamekula chakula changu huku wakinicheka kwa ajili yake. Sijawahi kufikiri kwamba ungekuwa na faida kwa mtu yeyote.

Basi ninachokuomba ni hiki, nacho ni kidogo kuliko hasira yangu. Mkaguzi akiuliza, usiwataje wanaolala, na usihutubu. Waweke watu wa mradi kando, umchukue mkaguzi umwingize mushitu kwa upande wa kijito, Chileshe atakupisheni. Mwambie atafute visiki. Atembee anavyotaka, achoke. Atakikuta kimoja, cha zamani, kimeota uyoga. Akikuuliza ni cha nani, mwambie ni cha baba yako, kisha umsimulie jinsi alivyoubeba ule mti kuurudisha, na watoto wakiimba, na kuku mweupe aliyeombwa kwa jirani. Msimulie mpaka mwisho. Msitu ambao mwenye kukata mti mmoja hutendewa hivyo haukuwa unamsubiri mtu wa Lusaka aje kuuokoa. Mkaguzi mwenye akili ataelewa. Asiye na akili, atakuwa ameambiwa, na hataweza kuandika kwamba tulinyamaza.

Wanaweza kukuondoa kazini kwa ajili ya hadithi hiyo. Sikufichi. Ikiwa hivyo, rudi. Chumba chako hatutakigeuza ghala, ingawa mama yako ameshakipima kwa macho. Na wanaweza wasikuondoe. Labda watafungua ule ukingo wa kuni, labda watapeleka pesa yao Chienge, kwenye kazi ngumu. Mimi sijui yajayo. Najua tu kwamba nilikuwa na jibu, nikakaa nalo kwenye benchi.

Nasikia sauti yenu njiani, mnabishana juu ya begi. Inaelekea zipu imekwama tena. Kesho nitakubebea mizigo hadi kwenye basi, wala sitasema neno juu ya haya mbele ya abiria. Nitakuambia tu usafiri salama, kama baba wengine. Jana nilikwenda na Chileshe mpaka kwenye kile kisiki. Nimekifyekea majani pande zote ili ukione kwa urahisi.

Ni mimi baba yako,
mkataji wa mti mmoja.